Agizo, Mapokezi na Ankara: Historia ya Mashine katika Ununuzi wa Kibiashara, 1913–2024

Ikisiri

Insha hii inachunguza jinsi kazi ya ununuzi katika biashara ilivyokabidhiwa mashine hatua kwa hatua, kuanzia kanuni ya hesabu ya mwaka 1913 hadi kuunganishwa kwa akili unde na uendeshaji otomatiki wa michakato katika miaka ya hivi karibuni. Hoja yake kuu ni kwamba hati tatu za ununuzi, yaani agizo, hati ya mapokezi na ankara, hazikuwa kumbukumbu tu, bali zilikuwa njia ya kugawa shaka miongoni mwa watu watatu tofauti. Kila kizazi cha mashine kimepunguza kazi ya mkono, lakini si kila kizazi kimeuhifadhi mgawanyo huo. Insha inahitimisha kwamba swali la msingi kuhusu akili unde katika ununuzi si kama inakosea, bali ni nani anayebaki na nafasi na wajibu wa kuitilia shaka.

1. Utangulizi

Waswahili husema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inalichukulia daftari kuwa mlinzi wa mali. Insha hii inauliza swali linalofuata: daftari linapoanza kujiandika lenyewe, mlinzi ni nani?

Ununuzi wa kawaida wa kibiashara huacha nyuma yake hati tatu. Mnunuzi hutoa hati ya agizo, ambayo katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki hujulikana kwa kifupi chake, LPO. Mtunza ghala huupokea mzigo, huuhesabu na kutia saini hati ya mapokezi. Muuzaji huleta ankara yake. Mhasibu halipi mpaka hati hizo tatu zikubaliane. Ikiwa mnunuzi aliagiza mifuko 100 ya saruji, mtunza ghala akahesabu mifuko 96, na ankara ikadai malipo ya mifuko 100, malipo husimama mpaka tofauti ya mifuko 4 ipate maelezo.

Kwa mtazamo wa haraka, utaratibu huo ni wa hesabu tu. Kwa hakika ni utaratibu wa madaraka. Anayeagiza hapokei, anayepokea halipi, na anayelipa hakuagiza. Kila mmoja amepewa sehemu yake ya shaka, na udanganyifu huwa mgumu kwa sababu unahitaji watu wasiopungua wawili wakubaliane kudanganya. Jambo hili ndilo kipimo kinachotumika katika insha hii kuzipima mashine zilizofuata.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa mapema. Uendeshaji otomatiki wa michakato ni kuifanya mashine ifuate hatua zilizokwisha kuandikwa: ikiwa hivi, fanya vile. Akili unde, ambayo baadhi ya waandishi huiita akili mnemba, ina historia pana zaidi. Mwanzoni nayo ilitegemea kanuni zilizoandikwa na wataalamu. Siku hizi hutegemea zaidi mashine kujifunza kutokana na mifano mingi na kukisia jibu la jambo jipya. Mikondo hii miwili ilikua kwa muda mrefu kila mmoja katika njia yake. Kukutana kwake katika ofisi ya ununuzi ni jambo la karibuni, na haliwezi kueleweka vizuri bila kurejea nyuma.

2. Kanuni kabla ya kompyuta

Mwaka 1913, mhandisi Mmarekani Ford Whitman Harris alichapisha makala fupi iliyouliza ni vipande vingapi vitengenezwe kwa mara moja. Swali hilo ni lilelile la mnunuzi: niagize kiasi gani? Harris alionyesha kwamba gharama mbili huvutana. Ukiagiza kidogo kidogo, gharama za kushughulikia maagizo huongezeka. Ukiagiza kingi kwa mpigo, gharama za kuhifadhi huongezeka. Kiasi bora hupatikana pale gharama hizo mbili zinapolingana.

Mfano wa kubuni unaweza kusaidia. Kiwanda kinahitaji mifuko 1,200 ya malighafi kwa mwaka. Kushughulikia agizo moja kunagharimu shilingi 5,000, na kuhifadhi mfuko mmoja kwa mwaka kunagharimu shilingi 300. Kanuni huzidisha mara mbili mahitaji ya mwaka kwa gharama ya agizo, hugawanya kwa gharama ya kuhifadhi, kisha hutafuta kipeo cha pili cha jibu. Matokeo ni mifuko 200 kwa kila agizo, yaani maagizo 6 kwa mwaka.

Umuhimu wa kihistoria wa kanuni hii ni kwamba uamuzi uliokuwa ukitegemea uzoefu wa msimamizi sasa uliweza kuandikwa kwa namba. Hata hivyo, mipaka yake ilikuwa wazi. Kanuni ilisema kiasi gani kinunuliwe. Haikusema kinunuliwe kwa nani, wala haikusema kama muuzaji ni mwaminifu. Maswali hayo yalibaki kwa watu.

3. Kutoka Berlin hadi migahawa ya chai ya London

Hatua ya pili haikuanzia kwenye biashara bali kwenye mzingiro. Kuanzia Juni 1948, Muungano wa Kisovyeti ulifunga njia za nchi kavu na za maji za kuingia Berlin Magharibi. Marekani, Uingereza na washirika wao walilazimika kuulisha mji huo kwa ndege, na hadi mwaka 1949 walikuwa wamesafirisha zaidi ya tani milioni 2 za chakula, makaa ya mawe na mahitaji mengine. Kila shehena ilikuja na hati yake, na hati hizo zilitofautiana kwa muundo na lugha. Edward Guilbert, aliyekuwa sajini katika jeshi la Marekani, alishiriki kubuni orodha ya mizigo yenye muundo mmoja, iliyoweza kupelekwa kwa teleksi, redio au simu.

Baadaye, Guilbert aliendeleza wazo hilo katika kampuni ya kemikali ya Du Pont. Mwaka 1968 iliundwa kamati ya Marekani ya kusanifisha hati za usafirishaji, na viwango vyake vya kwanza vilichapishwa mwaka 1975. Kutokana na juhudi hizo na nyingine za aina yake, vilizaliwa viwango vya kubadilishana hati kwa njia ya kielektroniki, kikiwemo kile cha Umoja wa Mataifa kiitwacho EDIFACT. Fundisho la Berlin lilikuwa kwamba mashine mbili haziwezi kununua na kuuziana mpaka watu wamekubaliana kwanza juu ya umbo la hati. Makubaliano hayo yalikuwa kazi ya kuchosha, lakini yalikuwa na faida isiyoonekana haraka: kila sehemu ya hati ilikuwa na maana moja iliyojulikana na pande zote, na mkaguzi aliweza kuifuata.

Wakati huohuo, nchini Uingereza, kampuni ya J. Lyons, iliyomiliki migahawa mingi ya chai, ilijitengenezea kompyuta yake yenyewe, LEO, iliyoanza kufanya kazi za biashara mwaka 1951. Katikati ya miaka ya 1950, mashine hiyo ilianza kushughulikia maagizo ya vyakula vya migahawa. Kila mgahawa ulikuwa na agizo lake la kawaida lililohifadhiwa. Msimamizi wa mgahawa hakuhitaji kuandika upya kila kitu. Alipigiwa simu na kutaja mabadiliko tu.

Mpango wa Lyons unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa uliweka mstari ambao mifumo mingi imeufuata hadi leo. Mashine ilibeba yaliyo ya kawaida, na mtu alibeba yasiyo ya kawaida. Msimamizi aliyejua kwamba kesho kuna mvua au sherehe mtaani alikuwa na haki ya kulibadilisha agizo. Shaka lake lilikuwa na mlango rasmi wa kuingilia.

4. Ankara iliyofutwa

Katika miaka ya 1980 lilitokea badiliko lililogusa moja kwa moja zile hati tatu. Kampuni ya magari ya Ford ilikuwa na watu zaidi ya 500 katika idara yake ya malipo kwa wauzaji huko Amerika Kaskazini. Ilipojilinganisha na Mazda ya Japani, iligundua kwamba Mazda ilifanya kazi hiyo kwa watu 5. Kisa hiki kilipata umaarufu kupitia makala ya Michael Hammer ya mwaka 1990, iliyowashauri wasimamizi wasiziendeshe kwa kompyuta taratibu mbovu, bali wazifute.

Kwa mujibu wa maelezo ya Hammer, makarani wa Ford walitumia muda wao mwingi kushughulikia hati zisizokubaliana. Suluhisho halikuwa kuwapa kompyuta ya kulinganisha hati kwa kasi zaidi. Ford iliondoa ankara kabisa. Mnunuzi aliingiza agizo katika hifadhidata. Mzigo ulipofika, karani wa mapokezi aliutafuta humo. Ukilingana na agizo, aliupokea, na kompyuta ikaandaa malipo. Usipolingana, ulirudishwa. Idadi ya watu katika idara hiyo ilipunguzwa kwa asilimia 75.

Wachambuzi wengi wamekisoma kisa hiki kama ushindi wa kasi. Kwa mtazamo wa insha hii, kina upande mwingine. Katika utaratibu wa zamani, shaka lilikuwa limegawanywa kwa watu watatu. Katika utaratibu mpya, sehemu kubwa ya shaka hilo iliwekwa mikononi mwa mtu mmoja aliyesimama mlangoni pa ghala. Mtu huyo, ambaye kwa kawaida hukaa ngazi ya chini katika kampuni, akawa ndiye mlinzi mkuu wa fedha. Badiliko hilo lingeweza kufanikiwa kwa sababu alibaki na uwezo wa kusema hapana: mzigo usiolingana ulirudi ulikotoka.

5. Mikondo miwili inakutana

Jaribio mashuhuri la kuingiza akili unde katika maagizo ya biashara lilifanyika upande wa muuzaji. Kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment, kwa ushirikiano na John McDermott wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilianza mwaka 1980 kutumia programu iliyojulikana kama XCON. Kazi yake ilikuwa kukagua agizo la mteja na kuhakikisha kwamba vifaa vyote vinavyohitajika, hadi nyaya, vimo na vinaweza kufanya kazi pamoja. Programu hiyo ilisifiwa sana, lakini kanuni zake ziliongezeka hadi maelfu, na kuzitunza kukawa mzigo. Kila bidhaa mpya ilidai kanuni mpya. Hata hivyo, mkaguzi aliyetaka kujua sababu ya uamuzi fulani angeweza kuonyeshwa kanuni iliyotumika.

Mkondo wa uendeshaji otomatiki ulipata sura mpya katika miaka ya 2000, zilipoibuka kampuni kama Blue Prism ya Uingereza na UiPath iliyoanzia Bucharest. Programu zao, zilizokuja kuitwa roboti, hazikuwa na mwili. Zilifanya juu ya skrini yale ambayo karani angeyafanya: kufungua barua pepe, kunakili namba ya ankara, kuibandika katika mfumo wa uhasibu na kubofya kitufe cha kuthibitisha. Udhaifu wake ulijulikana mapema. Umbo la skrini likibadilika, roboti hupotea. Na ankara yenye mpangilio usiotarajiwa humshinda roboti ambaye karani wa kawaida angemcheka.

Hapo ndipo mikondo miwili ilipohitajiana. Akili unde ilileta jicho, na roboti akaleta mkono. Programu iliyojifunza kutokana na maelfu ya ankara iliweza kutambua jumla ya fedha popote ilipoandikwa, kisha roboti akaipeleka mahali pake. Baada ya mwaka 2022, mifumo mikubwa ya lugha ilipoenea, jicho hilo lilianza kusoma mikataba, kulinganisha zabuni na kuandika barua kwa wauzaji.

Tofauti na enzi ya Guilbert, sasa pande mbili hazilazimiki tena kukubaliana kwanza juu ya umbo la hati. Mashine husoma hati yoyote na kukisia maana yake. Huo ni unafuu mkubwa kwa muuzaji mdogo anayeandika ankara yake kwa mkono. Lakini kilichoondoka si usumbufu peke yake. Maana ya hati iliyokuwa makubaliano ya pande mbili sasa ni makisio ya upande mmoja, na makisio hayo hayaachi nyuma yake kanuni ambayo mkaguzi anaweza kuonyeshwa.

6. Mashine inayopatana bei

Mwaka 2021, kampuni ya Walmart ilifanya majaribio nchini Kanada kwa kutumia programu ya Pactum, kampuni yenye asili ya Estonia. Programu hiyo ilijadiliana na wauzaji juu ya bei na masharti ya malipo kwa njia ya maandishi. Wauzaji waliohusika walikuwa 89, na asilimia 64 kati yao walifikia makubaliano. Hao walikuwa wauzaji wa vifaa ambavyo kampuni huvitumia yenyewe, si wale wa bidhaa za kuuza dukani, na ni wa ngazi ambayo wanunuzi wa kampuni kubwa hawapati muda wa kujadiliana nayo.

Ushahidi huu unapaswa kupimwa kwa haki. Wengi wa wauzaji walisema mfumo ulikuwa rahisi kutumia, na inaeleweka kwa nini: mtu ambaye hakuwahi kupewa nafasi ya kujadiliana huona heri kujadiliana na programu. Aidha, mipaka ya mapatano iliwekwa na watu kabla ya mazungumzo kuanza. Hata hivyo, muuzaji hakuwa mbele ya mtu awezaye kuelezwa jambo lililo nje ya mipaka hiyo. Msimamizi wa mgahawa wa Lyons alikuwa na mlango wa kupitishia jambo lisilo la kawaida. Uwazi wa mlango huo, katika mifumo ya sasa, hutegemea uamuzi wa kampuni inayonunua peke yake.

Sheria ililiona suala hili mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2005 kuhusu mawasiliano ya kielektroniki katika mikataba ya kimataifa unatamka kwamba mkataba hauwezi kukosa uhalali kwa sababu tu hakuna mtu aliyeipitia kila hatua ya mfumo wa kujiendesha. Mwaka 2024, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa ilipitisha sheria ya mfano kuhusu mikataba inayofungwa na mifumo ya aina hiyo. Kwa hiyo, kisheria, mashine inaweza kufunga mkataba, na anayeitumia hawezi kujificha nyuma yake. Lakini kujua nani atadaiwa baada ya hasara si sawa na kuwa na mtu wa kuizuia hasara isitokee.

7. Mafunzo kutoka Afrika Mashariki

Mifano iliyo karibu nasi zaidi inatokana na ununuzi wa umma. Inahusu biashara kwa kuwa wazabuni wengi ni kampuni binafsi, na kwa kuwa mifumo ya serikali huwafundisha wafanyabiashara namna mpya ya kuuza.

Nchini Kenya, mwaka 2015, iliibuka kashfa ya shilingi milioni 791 za Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, zilizolipwa kupitia mfumo wa usimamizi wa fedha wa IFMIS. Miongoni mwa maelezo yaliyotolewa hadharani ni dai kwamba nywila ya ofisa ilitumiwa na mtu mwingine kuidhinisha hatua za malipo. Dai hilo peke yake lina fundisho. Mfumo ulikuwa na hatua tofauti kwa watu tofauti, kama zile hati tatu zinavyodai. Lakini mfumo haumjui mtu, unaijua nywila. Mgawanyo wa shaka unaweza kubaki kamili kwenye skrini huku ukiwa umekwisha kufa ofisini.

Tanzania nayo ilitunga Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma mwaka 2023, na mwaka huohuo ilianza kutumia mfumo wa NeST badala ya mfumo uliotangulia wa TANePS. Kuhamia huku kunazalisha data nyingi zenye mpangilio mzuri, ambazo ndizo chakula cha akili unde. Hapa pana jambo linalomhusu mwanahistoria moja kwa moja. Mashine inayojifunza hufundishwa na yaliyopita, na yaliyopita hayakuwa ya haki sikuzote. Sheria za Tanzania na Kenya zimetenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu, yakiwemo ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sheria hizo zilitungwa kwa makusudi ili kesho isifanane na jana. Mashine iliyofundishwa kwa maamuzi ya zamani ina mwelekeo wa kinyume: humwona mzabuni asiye na historia kuwa hatari kwa sababu tu hana historia. Mwanafunzi huyo atakuwa mtiifu kwa mwalimu ambaye sheria imekwisha kumkataa.

8. Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba mashine katika ununuzi zimepita hatua nne. Kanuni ya Harris ilichukua hesabu ya kiasi. Hati sanifu zilizoanzia Berlin zilichukua usafirishaji wa habari. Hifadhidata ya aina ya Ford ilichukua ulinganishaji wa hati. Muungano wa akili unde na roboti za programu sasa unachukua usomaji, ukadiriaji na hata mapatano. Katika hatua tatu za kwanza, ilikuwa rahisi kumwonyesha mtu aliyebaki na haki ya kusema hapana: msimamizi wa kiwanda, meneja wa mgahawa, karani wa mapokezi. Katika hatua ya nne mtu huyo hajitokezi mwenyewe. Lazima awekwe kwa makusudi.

Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, programu inayochagua muuzaji isiwe ileile inayothibitisha mapokezi na kuidhinisha malipo, hata kama kampuni moja inaweza kuuza zote kwa bei nafuu. Pili, kila uamuzi wa mashine uandikwe pamoja na jina la mtu aliyekuwa na mamlaka ya kuupinga, na muda aliopewa kufanya hivyo. Saini inayotolewa kwa ankara mia kwa dakika moja si saini. Tatu, watafiti wanaopima mafanikio ya mifumo hii wasiishie kwenye gharama zilizopungua na siku zilizookolewa. Wahesabu pia ni mara ngapi mtu aliipinga mashine, na alipoipinga ilikuwaje. Mfumo ambao haujawahi kupingwa hata mara moja si lazima uwe umepatia sikuzote. Huenda hakuna aliyebaki wa kuupinga.

Daftari linaweza kujiandika. Mifuko ya saruji bado hufika ghalani kwa lori, na kati ya 100 iliyoandikwa na 96 iliyoshushwa, ni lazima awepo mtu aliyehesabu.